Kulikuwa na Mtu Dirishani

Wazee wangu, dada na kaka zangu, na vijana mliokaa huko nyuma, asanteni kwa kunipokea. Nimeombwa nizungumze juu ya utoto, na juu ya ile hamu ya mji mdogo inayowashika watu wengi wakishafika umri fulani, wakiwemo hata waliokulia katikati ya majengo marefu na ambao hawajawahi kulala mji mdogo hata usiku mmoja. Jambo hili nimeishi nalo muda mrefu. Nitalisema kama lilivyonikaa moyoni.

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi kwenye nyumba niliyokulia. Sitawatajia ni wapi. Kila mmoja wenu ana yake, na ningependa ninapozungumza muione hiyo yenu. Nilisimama uani mbele ya ukuta. Nilipokuwa na miaka saba, kuupanda ukuta ule ilikuwa shughuli ya mchana mzima: utafute pa kukanyaga, uchubuke magoti, uteleze, uanze upya, hatimaye ukae juu miguu ikining'inia na dunia nzima iko chini yako. Safari hii ulinifika kifuani. Karibu na pembe bado kulikuwa na kitundu tulichokichimba kwa msumari ili kidole gumba cha mguu kipate pa kushika. Nikainama nikajaribu kukitia kidole gumba cha mkono. Kiliingia nusu, kikakwama.

Machozi yakanitoka, na sikuweza kujieleza ninalia nini. Ukuta ulikuwepo. Nyumba ilikuwepo, imebadilishwa rangi tu. Hakuna aliyekuwa amenidhulumu kitu. Sasa kama kila kitu kiko mahali pake, nimepotewa na nini?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1688, katika mji wa Basel huko Uswisi, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliandika tasnifu kuhusu maradhi ambayo watu wa kawaida walikuwa na neno lao la kuyaita, ila madaktari hawakuwa nalo. Akachukua maneno mawili ya Kigiriki, nostos, yaani kurudi nyumbani, na algos, yaani maumivu, akayaunganisha. Ndipo ilipozaliwa nostaljia. Wagonjwa aliowaeleza walikuwa vijana walio mbali na kwao. Hawali, hawalali, wanakonda, na hawana mazungumzo mengine ila ya nyumbani. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi kutoka Bern aliyekuwa akiishi Basel, na hali yake ilifika mahali watu wakamkatia tamaa. Ikaamuliwa arudishwe kwao. Wakaanza safari naye akiwa hoi, na hawakwenda mbali akaanza kupata nafuu. Kabla hawajaingia Bern alikuwa ameshapona.

Naomba tusiipite habari hii haraka. Yule kijana alipona njiani. Hakuwa ameuona mlango wa kwao, hakuwa amelala kwenye kitanda chake, wala hewa ya kwao hakuwa ameivuta. Ingekuwa dawa ni mahali, angepona baada ya kufika. Mimi naona kilichomponya ni kule kubebwa: kujua kwamba kuna watu wamemshika na wanampeleka kwa watu wanaomngoja.

Madaktari waliofuata waliendelea kuuhesabu ugonjwa huu kama homa au kuhara. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861, madaktari wa jeshi la Kaskazini waliandika nostaljia kwenye daftari za maradhi, na waliougua walikuwa maelfu. Hapo katikati, mwaka 1798, mwanafalsafa Immanuel Kant alikuwa ameshatoa jawabu lake. Alisema watu hawa wakirudi kwao hupona kwa kuvunjika moyo. Wanakuta mambo si yale, wanadhani kila kitu kimebadilika, kumbe walichokuwa wakikitaka ni ujana wao, nao hauwezi kurudishwa. Wahenga wetu waliyasema hayo kwa maneno machache zaidi: ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Kwa muda mrefu niliridhika na jawabu hilo. Na lina ukweli mwingi. Watu wazima walio wengi hawakumbuki lolote la kabla ya miaka mitatu hivi, lakini baada ya hapo mambo huanza kubaki, na yakibaki hubaki kwa nguvu. Wanaochunguza kumbukumbu wameona mara nyingi kwamba mzee akiombwa asimulie maisha yake, huchota zaidi miaka ya kati ya 10 na 30 kuliko ile iliyofuata. Ni miaka ya mara ya kwanza, na mara ya kwanza haifutiki. Halafu kuna urefu wa siku. Mfaransa mmoja wa karne ya 19, Paul Janet, aliliweka hivi: kwa mtoto wa miaka 10 mwaka mmoja ni sehemu moja ya kumi ya maisha yake yote, na kwa mtu wa miaka 50 ni sehemu moja ya hamsini. Kila mzazi hapa anajua. Mtoto ukimwambia "subiri wiki ijayo", umempa umilele. Wewe hiyo wiki huioni hata inapopita.

Harufu nayo ina mlango wake. Taarifa za macho na masikio hupita kwanza kwenye kituo cha katikati ya ubongo kabla ya kusambazwa, lakini za pua huchukua njia ya mkato hadi jirani kabisa na sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndiyo maana harufu ya ardhi kavu iliyoguswa na mvua inaweza kukukamata barabarani, mtu mzima mwenye funguo za ofisi mkononi, na ghafla una miaka sita na umeitwa uingie ndani.

Lakini kama ni ujana tu, kwa nini basi hamu yetu huenda kwenye mji mdogo? Mbona anayeota hivyo ni pamoja na yule aliyekulia ghorofa ya nane? Angeutamani utoto wake wa ghorofani, yaishe. Hapa ndipo nilipoachana na Kant, na sababu ni kitu nilichokiona siku ileile pale ukutani.

Nilipokuwa mdogo nilianguka kutoka juu ya ukuta ule. Niliangukia mkono. Nakumbuka kimya kile kifupi kinachokuja kabla ya kilio, pale mtoto anapotafuta pumzi, na nakumbuka kwamba kabla pumzi haijarudi jirani yetu alikuwa ameshafika. Mama wa makamo, hakuwa ndugu yetu kwa damu. Alikuwa na unga viganjani. Alinishika kiwiko, akaniambia "tulia baba, tulia", akautazama mkono, akanibeba hadi kwa mama. Miaka yote sikuwahi kujiuliza amefikaje haraka vile. Mtoto haulizi. Ukianguka, mtu mzima anatokea.

Sasa nimesimama pale mtu mzima, nimefuta machozi, nikainua macho kuitazama nyumba ya pili. Dirisha la jiko lake linatazamana na ukuta ule moja kwa moja. Wakati wote tulipokuwa tukijiona peke yetu na huru, mashujaa waliotoroka macho ya wakubwa, kulikuwa na mtu dirishani. Hakututisha wala hakutukataza, na sidhani kama aliwahi kumwambia mama yangu kuhusu ule msumari. Alikuwa akikanda unga wake na jicho moja liko kwetu.

Basi hilo ndilo jawabu langu, na ndilo nililokuja kuwaambia. Ule wepesi tunaoulilia, zile siku zisizo na haraka, ule uhuru wa kutoka asubuhi na kurudi giza likiingia, ilikuwa kazi ya mtu. Watu wazima waliifanya kila siku kwa utulivu mkubwa hadi sisi tukadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Na mji mdogo tunaoutamani ni jina tulilolipa hali hiyo ya kutunzwa na watu wengi kwa wakati mmoja, bila kuomba na bila kujieleza wewe ni nani.

Kwa nini mji mdogo hasa? Mwanaanthropolojia wa Uingereza Robin Dunbar alikadiria, katika miaka ya 1990, kwamba mtu anaweza kuwa na uhusiano wa kweli na watu wapatao 150. Wako wanaobishana na hesabu hiyo, nami sitaing'ang'ania. Ninachojali ni hao watu wako wamekaaje. Katika jiji mimi nina watu wangu, jirani yangu ukuta kwa ukuta ana wake, na makundi haya mawili hayajuani kabisa. Katika mji mdogo makundi yanaingiliana. Mwalimu wako ni jirani wa shangazi yako, anayewauzia viatu ndiye anayeimba na baba yako siku za ibada, na muuguzi aliyekuchoma sindano alisoma darasa moja na mama. Ukifanya jema linafika nyumbani kabla yako. Ukifanya baya pia.

Na hapa lazima niseme kwa haki, kwa sababu nimesikia hotuba nyingi za aina hii zinazoupamba mji mdogo kama bibi harusi, na sitaki yangu iwe moja wapo. Nilisoma na kijana ambaye baba yake alifungwa kwa wizi. Sisi tulikuwa darasa la nne. Tangu siku ile, yule mtoto hakuwa tena na jina lake. Kalamu ikipotea, macho yote yanamgeukia. Akishinda mbio, mtu anasema "ana mazoezi ya kukimbia huyo", na darasa zima linacheka, na mimi nilicheka. Alipofika miaka kumi na minane aliondoka na hakurudi hata kwa mazishi. Dirisha lililoniona mimi nikianguka lilimwona na yeye pia, kila siku, na kwake lilikuwa jela.

Kuna msemo wa Kijerumani kwamba hewa ya mji humfanya mtu huru, kwa sababu katika zama za kati, mtumwa wa shamba aliyefanikiwa kuishi ndani ya mji mwaka mmoja na siku moja, bwana wake hakuweza tena kumdai. Jiji bado linafanya kazi hiyo. Linampokea msichana aliyeandikiwa maisha yake na wengine, linampokea mwenye mawazo tofauti, lilimpokea yule mwanafunzi mwenzangu na kumrudishia jina lake. Kijana hapa anayepanga kuondoka asione kama ninamfungia mlango. Nenda, mwanangu. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yako utaijua mwenyewe.

Na kuna jambo jingine ambalo wanaume wa rika langu huwa tunaliruka. Yule mtu dirishani alikuwa mama. Karibu kila mara alikuwa mama, au dada mkubwa, au bibi. Alikuwepo pale kwa sababu hakuruhusiwa kuwa kwingine, na kazi ile hakuna aliyeiita kazi. Tukisema tunataka zamani irudi huku tukitegemea irudi kwa mgongo uleule wa mama zetu, tutakuwa tunaomba dhuluma kwa sauti tamu. Mama jirani yule alikuwa na sauti nzuri sana ya kuimba. Niliisikia ikitoka jikoni. Sijui angekuwa nani kama dirisha lake lingetazama kitu kingine.

Nimeambiwa na watu, tena watu ninaowaheshimu, kwamba dawa ni kurudi: kuuza ulicho nacho jijini, ununue kiwanja mahali palipotulia, ukalee watoto huko. Anayeweza na afanye, ninamtakia heri. Lakini tuangalie ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 1950 watu waliokuwa wakiishi mijini walikuwa kama 3 kati ya kila 10 duniani. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2007 au karibu na hapo tulivuka nusu. Watoto wengi wanaozaliwa leo watakuwa watoto wa jiji, tutake tusitake. Hatuwezi kuwaambia kwamba utoto ulibaki mahali fulani na wao wamezaliwa wamechelewa.

Tena hata huko kwenye utulivu mtu anaweza kufika akakuta watoto wako ndani. Mtafiti wa Uingereza, Mayer Hillman, pamoja na wenzake waliwahi kulinganisha: mwaka 1971 huko England, watoto 8 kati ya 10 wa miaka 7 na 8 walikuwa wakienda shuleni bila mtu mzima. Kufika mwaka 1990 hawakufika hata 1 kati ya 10. Wazazi walipoulizwa, walichokiogopa zaidi yalikuwa magari. Barabara ilikuwa ya watoto, ikawa ya magari, wazazi wakafunga milango, na mlango mmoja ukifungwa, wa pili unaona hatari zaidi, nao unafungwa. Mtoto akibaki peke yake nje, mama yake ana haki ya kuogopa. Wakiwa ishirini hofu inapungua, kwa kuwa kila mmoja ana mama anayechungulia. Kwa hiyo madirisha ndiyo yaliyoondoka, hata pale nyumba zilipobaki zilezile.

Kinachonipa nguvu ni kwamba mambo haya yamewahi kuonekana katikati ya jiji kubwa. Jane Jacobs, aliyekuwa akiishi kwenye mtaa mmoja wa New York, aliandika mwaka 1961 kuhusu kitu alichokiita macho ya barabarani: watu wa kawaida, wenye maduka, wanaokaa vibarazani, wanaotoka na kuingia, ambao bila cheo wala sare huufanya mtaa uwe salama. Wengi wao hawakuwa marafiki. Walitambuana tu, na kutambuana kulitosha. Alisema pia jambo ambalo nadhani ndiyo siri ya yote: mtoto hujifunza kwamba watu wanabeba jukumu la wenzao pale anapoona mtu asiye ndugu wala rafiki yake, tena asiyelipwa, akimkanya au akimsaidia. Nyumbani pekee somo hilo halifundishiki, kwa sababu mama na baba wanakupenda, na mtoto anafahamu kwamba wanalazimika.

Basi nikirudi kwenye machozi yangu ya ukutani. Nilidhani nalilia kitu kilichonipotea. Nilipoliona lile dirisha nilielewa kwamba zamu ndiyo iliyobadilika. Nilikuwa na umri aliokuwa nao yule mama siku niliyoanguka, na pengine nilikuwa nimemzidi. Na katika jengo ninaloishi kulikuwa na watoto wanane au tisa ambao niliwapita ngazini miaka mitatu bila kujua jina la hata mmoja. Nilikuwa natamani kutazamwa na nimeshafika umri wa kutazama.

Sikuanzisha chama. Nilitoa kiti. Kila jioni nikitoka kazini nilikiweka karibu na lango la kuingilia, nikakaa na gazeti langu nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Wazazi walinitazama kwa mashaka, na ninawaelewa, ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Kwa hiyo nikaanza na wao. Nikawasalimia kwanza, nikajitambulisha, nikawaambia naishi mlango namba ngapi. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini akatoa kiti chake. Baadaye dada mmoja akawa anachambulia mboga zake pale badala ya ndani, na tukawa tunapokezana: leo mimi nipo, kesho yeye, na mumewe siku za Jumamosi. Nilisisitiza hilo la mumewe.

Watoto walichelewa kuja. Walitupita kama tunavyopita nguzo. Halafu jioni moja mvulana wa miaka sita hivi alikuwa akikimbia na wenzake, kamba ya kiatu ikafunguka. Alisimama akatazama huku na huku. Wenzake walishamwacha. Akanijia moja kwa moja, hakusema neno, akauinua mguu akauweka juu ya goti langu, vumbi na yote, huku macho yake yako kwa wenzake kule mbele. Nikaifunga ile kamba, nikaipiga fundo la pili ili idumu. Akaushusha mguu na kukimbia zake, bila kunishukuru, bila kugeuka nyuma.